Kiti cha Mpiga Dramu: Kisa cha Mpiga Besi wa Fanki Aliyeingia Bendi ya Dansi

Kabla ya kisa

Mwenye kisa hiki nimepiga naye jukwaa moja kwa miaka minne. Ameniruhusu kukiandika kwa sharti kwamba jina lake, la hoteli na la bendi yasitokee, na wimbo uliomletea uchungu usitajwe. Nitamwita Mvita, kwa kuwa alitokea Mombasa. Mimi nilikuwa kwenye gitaa la ridhimu, hatua mbili kutoka aliposimama, kwa hiyo ya Dar es Salaam niliyaona kwa macho yangu. Ya Mombasa amenisimulia mwenyewe.

Nawaandikia hasa vijana wanaojifunza besi kwa video za simuni. Wengi wanaanza na gumba. Wanagonga nyuzi kwa kasi ya kushangaza kabla hawajajua gumba hilo lilianzia wapi na lilikuwa linaziba pengo gani. Mvita naye alianza hivyohivyo, na nusura limtoe kazini.

Usuli

Alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Mjomba wake alikuwa baharia, na kila akirudi nyumbani alileta kanda za fanki, muziki wa Wamarekani weusi unaoongozwa na besi na dramu: James Brown, Sly and the Family Stone, Parliament. Mvita hakuwa na Kiingereza cha kufuata maneno, basi akafuata besi. Mwaka 1998 akaingia katika bendi ya hoteli moja pwani ya kaskazini, kwanza kama kijana wa kubeba vyombo. Mpiga besi alipopata mkataba wa kupiga hotelini Ghuba, Mvita akapewa gitaa lake siku hiyohiyo.

Walikuwa wanne: gitaa na sauti, kinanda, besi, dramu. Wageni wakimaliza chakula cha usiku walitaka nyimbo wanazozijua wao, na moja au mbili za hapa ili wapige makofi. Baada ya saa nne, wageni wakipungua, mwimbaji alimruhusu Mvita achague, naye akachagua fanki.

Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise huko Kikambala ilishambuliwa kwa bomu. Waliokuwa wakifanya kazi pwani wanakumbuka miezi iliyofuata: mabasi ya watalii yakija nusu tupu, hoteli zikipunguza wafanyakazi. Hoteli ya akina Mvita ikawaambia bendi kwamba watalipwa watu watatu. Aliyeondoka ni mpiga dramu, maana vyombo vyake vilichukua nafasi kubwa.

Wakajaribu midundo iliyomo ndani ya kinanda. Haikufaa. Mwimbaji wao alikuwa na tabia ya kuchelewesha mstari ili amchekeshe mgeni aliyeketi mbele, na mashine haimsubiri mtu. Usiku mmoja Mvita akaanza kugonga uzi mnene kwa gumba pale ambapo mguu wa mpiga dramu ungegonga, na kuuvuta uzi mwembamba kwa kidole cha shahada ukaruka na kupiga ubao, pale ambapo snea, ile ngoma ya dramu yenye mlio mkali, ingelia. Watu wakainuka kucheza. Tangu usiku huo dramu ikawa ndani ya besi.

Alidhani amevumbua kitu. Miaka kadhaa baadaye akasoma habari za Larry Graham, mpiga besi Mmarekani, mzaliwa wa Texas mwaka 1946 aliyekulia Oakland, California. Graham alikuwa akipiga na mama yake, aliyekuwa mpiga piano na mwimbaji. Walipobaki bila dramu, gumba la Graham likashika kazi ya ngoma ya mguu, na kidole kikashika kazi ya snea. Baadaye akaupeleka mtindo huo katika Sly and the Family Stone, na kuanzia hapo wapiga besi wa fanki dunia nzima wakaujua. Mvita aliponisimulia haya alikuwa na furaha ya mtu aliyegundua kwamba ana ndugu ng'ambo ya bahari. Watu wawili wasiojuana, waliotofautiana kwa miongo minne, walitoa jibu lilelile kwa sababu walikuwa na shida ileile. Naomba msomaji aishike hoja hii, kwa kuwa kisa chote kinaizunguka.

Yaliyotokea

Mwaka 2007 meneja wa bendi yetu alikwenda Mombasa harusini, akamsikia Mvita akipiga na wenzake wawili. Alirudi Dar es Salaam akisema amepata mpiga besi ambaye peke yake ni bendi nzima. Maneno hayo tuliyapokea kama sifa. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza: sisi tuliokwisha kuwa bendi nzima, tunamtaka wa nini mtu wa namna hiyo?

Tulikuwa na solo mbili, ridhimu, kinanda, dramu, tumba, waimbaji wanne na safu ya wachezaji. Usiku wa kwanza wa Mvita ukumbi ulilipuka. Sebene, ile sehemu ya wimbo ya kucheza ambapo magitaa yanatawala, ilipoingia akasogea mbele, akagonga na kuvuta mpaka watu wakamtunza noti mfukoni mwa shati. Mimi nilishangilia kuliko wote. Nilikuwa napenda fanki tangu shuleni, na nilijiona nimepata mwenzangu.

Wiki ya tatu wachezaji wakaanza kupotea hatua. Kiongozi wao alisema hajui aufuate mdundo upi. Waimbaji wakalalamika kwamba hawapati sauti ya chini ya kuegemea, na mmoja akawa anaingia juu ya ufunguo, yaani anaimba juu kidogo kuliko sauti ya wimbo, karibu kila usiku, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Fundi mitambo akaishusha besi. Mvita akaona hasikiki, akagonga kwa nguvu zaidi. Fundi akashusha tena.

Mwezi wa pili ukaisha hivyo. Mwezi wa tatu mkono wa kulia wa Mvita ukaanza kuuma kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko. Hakumwambia mtu. Alikuwa mgeni mjini, analala chumba cha kupanga na mpiga tumba, na aliogopa kwamba mpiga besi mwenye mkono mbovu atarudishwa Mombasa. Akawa anajifunga kitambaa chini ya shati la mikono mirefu. Miezi minne ilipita kabla hatujajua.

Mpiga dramu wetu alikuwa mtu mzima kuliko sote. Alikuwa kijana wa bendi za mjini wakati mamlaka zilipopiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam, Novemba 1969, na alikuwa akizijua nyimbo za James Brown kabla Mvita hajazaliwa. Hakuwa na chuki na fanki hata kidogo. Alikaa kimya kwa sababu alingoja aulizwe.

Alipochoka kungoja, jioni moja kabla ya mazoezi alimwita Mvita, nami nikiwepo.

"Mwanangu," akamwambia, "kiti changu umekikalia."

Mvita akasema, "Nisamehe Mzee, mie nimezoea kukikuta kitupu."

Mzee akacheka, akamwambia aunge waya. Wakapiga wimbo mmoja wawili tu, sisi tukarekodi kwa simu. Tuliposikiliza, kila mtu alisikia: katika kila mizani, yaani kila kipimo kimoja cha mdundo, mguu wa Mzee ulikuwa na mapigo mawili, na gumba la Mvita lilikuwa na matano. Mawili yaliangukiana na mguu. Matatu yaliangukia katikati, na hayo matatu yalikuwa yameifanya sauti ya chini iwe kama maji yaliyokorogwa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa meneja: besi ishushwe. Aliuona kama tatizo la sauti kubwa. Uamuzi wa pili ulikuwa wa Mvita mwenyewe: apige kwa nguvu na abadilishe nyuzi kila wiki ili zilie kwa ukali. Aliliona kama tatizo la kutosikika. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kuaminika kutoka mahali aliposimama, na kwa wiki sita maamuzi hayo mawili yalilishana.

Uamuzi wa tatu bado tunabishania hadi leo. Kiongozi wa bendi alimrudisha mpiga besi wa zamani apige nusu ya nyimbo, na Mvita akae chini ukumbini akisikiliza. Kwa mwanamuziki hiyo ni aibu kubwa, kukalishwa mbele ya watu walewale waliokutunza. Mpiga tumba aliona ni ukatili, na mpaka leo anaona hivyo. Mimi naona namna ya kulifanya ilikuwa mbaya, lakini kilichotokea huko chini kilikuwa cha thamani. Mvita aliisikia bendi yetu kwa mara ya kwanza kutoka aliko mnunuzi wa tiketi. Alisikia mpiga besi asiye na nusu ya ufundi wake akipiga sauti nne na kunyamaza, na wachezaji wakiingia ndani ya ule unyamavu kama watu wanaoingia mlangoni.

Uamuzi wa nne waliufanya yeye na Mzee, na huu ndio uliobadilisha mambo. Kwa wiki sita walifika mazoezini saa nzima kabla yetu. Besi haikuunganishwa na amplifaya. Mzee alipigia godoro dogo badala ya ngoma. Walikubaliana kwamba gumba litagonga pale tu mguu unapogonga. Snea ikilia, kila uzi uwe umezimwa. Kuvuta kwa kidole kutabaki kwa sebene, tena mizani ya mwisho kabla solo haijabadilika. Sehemu nyingine zote atapiga kwa vidole, kwa ulaini.

Kanuni ya kuzima ndiyo iliyomtesa. Hotelini alikuwa anaacha sauti iendelee ili chumba kisionekane kitupu. Sasa ilimbidi mkono wa kushoto ufanye kazi mpya: kubonyeza sauti, kisha kulegeza vidole bila kuviondoa juu ya uzi, ili sauti ife pale inapotakiwa kufa. Usiku wa kwanza wa mazoezi hayo alisema anajiona kama anafundishwa kutembea.

Kuhusu mkono, mpiga tumba ndiye aliyemfunua kitambaa. Tukampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye alimpumzisha wiki tano na kumwomba aje na gitaa. Alipomwona akipiga, akamwonyesha kwamba mkanda ulikuwa mrefu mno, gitaa limening'inia karibu na goti, kifundo kimekunjwa kama ndoano. Akamfundisha kugonga kwa gumba kwa kuzungusha mkono mzima kuanzia kiwikoni, kama mtu anayefungua kitasa, badala ya kupiga nyundo kwa kifundo. Mkanda ukapandishwa mpaka gitaa likakaa tumboni. Vijana walimcheka kwa mwonekano huo, naye akavumilia.

Matokeo

Alirudi jukwaani peke yake, bila mpiga besi wa pili. Wachezaji hawakupotea tena. Yule mwimbaji aliyekuwa akiingia juu ya ufunguo akarudi chini mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Mkono ulipona, ingawa baridi ikizidi bado unamkumbusha.

Kisha ukaja wimbo. Katika mazoezi ya saa moja, Mvita na Mzee walikuwa wametunga mzunguko wa mizani miwili: sauti tano, nafasi, gumba moja, nafasi. Kiongozi akausikia, akaupenda, akautungia maneno. Ulirekodiwa kwa siku mbili, na wapigaji tukalipwa posho ya siku hizo mbili. Wimbo ulipotoka, watu waliuimba ule mzunguko wa besi kwa midomo, daladalani na mitaani, na kipande kilichokatwa kuwa mwito wa simu kilianza na besi peke yake kabla sauti haijaingia. Kwenye jina la mtunzi palikuwa na mtu mmoja. Mvita na Mzee hawakuwemo.

Alipouliza, aliambiwa kwamba besi ni sehemu ya kupanga muziki, si utunzi, na kwamba alikwisha kulipwa. Hakuwa na karatasi yoyote. Alibaki bendini mpaka 2011, akaondoka bila ugomvi. Mzee amefariki. Mvita sasa anapiga kanisani na harusini, na anafundisha.

Uchambuzi: kwa nini gumba lilikwama

Uzi mnene wa besi ukiachwa wazi unatetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Ngoma ya mguu nayo nguvu yake kubwa iko huko chini, kati ya hezi 50 na 100, yaani mitetemo 50 hadi 100 kwa sekunde. Hao wawili wanaishi chumba kimoja. Wakiingia pamoja, msikilizaji anasikia kitu kimoja kikubwa chenye mwanzo mkali wa ngoma na mwili wa uzi. Wakipishana kidogo bila mpango, kila mmoja anamfunika mwenzake, na hapo hata kuongeza sauti hakusaidii, maana unaongeza matope. Hili ndilo meneja na Mvita hawakuliona katika zile wiki sita za kushusha na kupandisha.

Hotelini chumba hicho kilikuwa na mpangaji mmoja. Mtindo wa gumba ulizaliwa kwa Graham, na ukazaliwa upya kwa Mvita, ili kujaza pahali pa mtu asiyekuwepo. Graham mwenyewe alipoingia kwenye bendi yenye dramu hakuendelea kupiga kama yuko na mama yake. Sikiliza rekodi zake za mwaka 1969 na 1970 uone gumba na mguu wa dramu zinavyokwenda bega kwa bega. Mvita aliubeba mtindo mzima kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam, pamoja na ile sehemu iliyokuwa ya mpiga dramu aliyefutwa kazi. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba alikuwa na majivuno. Alikuwa anaendelea kufanya kazi ya watu wawili kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba mmoja amerudi.

Kuna tofauti nyingine, ya mahali pa kuegemea. James Brown aliwadai wapigaji wake walikazie pigo la kwanza la mizani. Bootsy Collins, mpiga besi aliyejiunga naye mwaka 1970 akiwa na miaka 18, amesimulia mara nyingi jinsi Brown alivyomsisitizia kwamba akilitoa pigo la kwanza vizuri, anaweza kufanya atakalo katikati. Besi ya dansi letu, iliyokunywa kutoka rumba ya Kongo, mara nyingi inafanya kinyume: inaingia kabla kidogo au baada kidogo, na kuliachia gitaa la ridhimu na tumba nafasi ya kuongea. Mimi niliyekuwa kwenye ridhimu nilipaswa kuwa wa kwanza kulihisi hili. Nafasi yangu ndiyo iliyokuwa inajazwa, na nilikuwa nashangilia. Sehemu yangu ya kosa ni hiyo, na sijawahi kumwomba Mzee radhi akiwa hai.

Kilichofanya kazi, kwa maoni yangu, ni kuondoa umeme. Besi bila amplifaya haina mahali pa kujificha. Ukigonga kwa nguvu unapata kelele ya ubao tu. Na rekodi ya simu ilimaliza ubishi ambao maneno yasingeumaliza. Bendi inayogombana kuhusu nani anamfunika nani ingeanza hapo, wawili wawili, kabla ya kugusa vitufe vya mitambo.

Yaliyoshindikana ni mengi. Mkono ulifichwa miezi minne kwa sababu bendi haikuwa na desturi ya kumlipa mgonjwa, na mtu asiyelipwa akiumwa ataficha. Mpiga dramu mwenye uzoefu wa miaka karibu arobaini hakuulizwa chochote wakati wa kumwajiri mtu ambaye angefanya naye kazi kwa ukaribu kuliko yeyote. Kukalishwa chini kulifundisha, lakini Mvita aliambiwa mbele ya wachezaji wote, na angeweza kuambiwa faraghani.

Uchambuzi: karatasi

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Neno la pili, hakishiriki, linawahusu wapigaji: linatambua kwamba anayepiga katika rekodi ana haki yake hata kama hakutunga. Mvita hakuwa amelisikia neno hilo mwaka tuliorekodi, wala mimi.

Mambo haya yana historia ndefu. James Jamerson alipiga besi katika nyimbo nyingi zilizoipa jina Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, na karibu muongo mzima jina lake halikuandikwa kwenye jalada. Liliandikwa kwa uwazi mwaka 1971. Upande wa pili yuko Bernard Edwards, mpiga besi wa bendi ya Chic ya Marekani. Mzunguko wake wa besi wa mwaka 1979 ulipochukuliwa mwaka huohuo kwenye rekodi ya kundi la rap la Sugarhill Gang, yeye na Nile Rodgers, mpiga gitaa wa Chic, walidai, na majina yao yakaingizwa kama watunzi. Wawili hao wote walikuwa mafundi wa hali ya juu. Edwards alikuwa tayari ameandikwa kuwa mtunzi mwenza wa wimbo wake mwenyewe, kwa hiyo alikuwa na mahali pa kusimama alipodai.

Kwa Mvita, mahali hapo pangepatikana kwa kitendo cha dakika tano. Ile saa moja kabla ya mazoezi, rekodi ya simu ilikuwapo: yeye na Mzee wakipiga mzunguko ule, wiki kadhaa kabla maneno hayajatungwa. Ilifutwa ili simu ipate nafasi. Ingetosha kuihifadhi, kuandika tarehe na majina mawili, na kumwambia kiongozi kabla ya kuingia studio kwamba tunataka tuandikwe. Baada ya wimbo kutoka, mazungumzo yaleyale yanakuwa madai, na madai yanavunja bendi. Ndiyo maana alinyamaza.

Siku hizi mwanafunzi akija kwake, somo la kwanza hafundishi gumba. Anamkalisha karibu na mpiga dramu, gitaa likiwa ukutani, na kumwambia aimbe besi kwa mdomo mpaka ajue wapi pa kunyamaza. Wakishatunga kitu, anatoa daftari lenye jalada gumu. Ukurasa wa kwanza una mzunguko wa mizani miwili, umeandikwa kwa mkono, na chini yake majina mawili: lake na la Mzee.